Jiwe Lisilotembea

Ufunguo ulizunguka kitasani mara moja, mara mbili. Nyuma ya pazia, Msumari akabana pumzi.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, na hapo ndipo alipo bado: mwanafunzi wa mwaka wa nne, shahada ya ultrasaundi, zimebaki wiki tano avalishwe joho, amejificha kama mwizi ndani ya chumba alichojifunzia kazi. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamekwenda kula. Saa nane kamati ingekaa kumjadili.

Kosa lake? Aliyeanza kusoma leo aelewe upesi, maana mlango unafunguka.

Katika daftari la mazoezi la Msumari, mgonjwa wa themanini na mbili ni mzee mmoja fundi saa, mwenye jiwe ndani ya kifuko cha nyongo. Mgonjwa wa namna hiyo hupigwa picha akiwa chali, kisha hugeuzwa ubavu wa kushoto na kupigwa tena. Jiwe la kweli hubingirika ndani ya kifuko kama gololi. Lisipotembea, huenda si jiwe kabisa, ni uvimbe ulioota ukutani mwa kifuko.

Barua isiyo na saini ilifika idarani. Ilisema Msumari hakumgeuza mzee. Ilisema alimpiga picha mbili akiwa chali, ya pili akaiandika "ubavu wa kushoto" ili amalize haraka. Picha zilipofunguliwa, kweli, katika zote mbili kile kitu kimekaa palepale.

Kughushi picha ya mgonjwa ni kufukuzwa chuo. Hakuna kurudia mwaka.

Na Msumari anaapa alimgeuza, na jiwe likatembea.

Mlango ukafungwa kwa ndani. Chini ya pazia aliona viatu vyeupe vya raba, kimoja kimechanika penye kidole gumba. Viatu hivyo aliwahi kuvifuata miaka mitatu, kitanda hadi kitanda.

Mama Kimya!

Mkufunzi wao. Mwanamke asiyepandisha sauti, anayemshika mwanafunzi kifundo cha mkono na kumwelekeza bila neno mpaka picha ikae sawa. Alikuwa anataka nini saa hii?

Mama Kimya hakuwasha taa. Aliketi mbele ya mashine, akaandika neno la siri, akafungua faili la fundi saa. Picha mbili zikatokea. Kidole chake kikasogea hadi kwenye kitufe cha kufuta.

"Usifute!"

Pazia lilivutwa hadi pete tatu zikang'oka. Mama Kimya aliruka kitini.

"Msumari! Umeingiaje humu?"

"Na wewe mama unafuta nini?"

"Nimekuuliza mimi kwanza."

"Kwa ufunguo wa mwenzangu Asali. Wiki hii ni zamu yake ya kufungua chumba. Sasa nijibu mimi. Kidole chako kiko kwenye kitufe."

Mama Kimya akauondoa mkono taratibu, akauweka pajani. "Nilikuwa natazama."

"Watu hutazama kwa macho, mama."

Mashine ikavuma peke yake.

Msumari alisogea karibu na skrini. Alikuwa amekuja kutafuta kitu kimoja, na sasa alikiona. Chini ya kila picha mashine huandika namba yake, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa jinsi zilivyopigwa. Mbili zilizobaki kwenye faili la fundi saa zilikuwa ya tano na ya sita.

"Mimi nilipiga nne," alisema polepole. "Chali mbili, ubavu mbili. Zangu ni ya kwanza hadi ya nne. Zimefutwa. Hizi mbili si zangu, mama. Nani alikaa hapa baada yangu?"

"Siku ile ulibonyeza kitufe cha kumaliza?"

Msumari alikitazama kitufe hicho.

Hakubonyeza. Alikumbuka sasa. Mzee alikuwa na kizunguzungu, akamshika mkono kumpeleka masijala, akaliacha faili wazi. Ni kosa la wanafunzi duniani kote: usipofunga faili la mgonjwa aliyeondoka, picha za atakayelala baada yake zinaingia kwa jina la yule wa kwanza.

"Kwa hiyo kuna mtu alilala kitandani," alisema.

"Sijui," alijibu Mama Kimya, haraka mno kwa mtu wa jina lile.

"Na kufuta kunataka neno la siri la mkufunzi. Wewe."

"Unanishuku mimi?"

"Nimshuku nani, mama? Niambie, nimshuku."

Kabla jibu halijatoka, mlango ukagongwa. Sauti tamu ikapenya tundu la kitasa: "Shoga, uko humo? Ni mimi!"

Asali. Wanalala chumba kimoja, wanakula sahani moja, na kwa maneno yake laini angeweza kumwombea mwizi chakula nyumba aliyoiibia. Msumari alizungusha ufunguo ulioachwa kitasani, Asali akaingia akihema, akamwona mkufunzi, akapiga goti nusu. "Shikamoo mama. Sikujua... Msumari, wamevuta saa! Kamati inakaa saa saba u nusu, humuhumu, wanataka kuziona picha kwenye mashine. Profesa yuko ngazini."

"Nani kavuta saa?"

"Profesa mwenyewe." Asali alimshika bega, akamnong'oneza. "Shoga, nisikilize. Kiri tu. Sema ulichoka, sema ulikuwa unaumwa. Wakubwa wanapenda mtu anayejishusha. Ukianza kubisha, umekwisha."

Msumari aliuondoa mkono ule begani kama anayeondoa mdudu.

"Mbona unataka nikiri kosa ambalo hujaniuliza hata kama nimelifanya?"

"Jamani! Nakupenda ndiyo maana."

"Siku ile ya fundi saa, ufunguo ulikuwa kwa nani?"

Asali alirudi nyuma hatua moja. "Kwangu. Kwani vipi?"

Simu ya Msumari ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa baba yake, kinyozi, ambaye kwa miaka minne hajamnyoa mtu bila kumweleza kwamba binti yake anaona ndani ya matumbo ya watu bila kuyapasua. *Suti imerudi kwa dobi. Mama yako anasema inabana, mimi nasema haibani. Tarehe ya joho ni ipi hasa?*

Aliirudisha simu mfukoni.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Profesa, mkuu wa idara, mwenye shati lililonyooshwa mpaka mikunjo ya mikono inakata. Daktari Miwani, bingwa wa kusoma picha, mzee aliyepandisha miwani kipajini na kuitafuta kila baada ya dakika tano. Wa tatu ni Mama Kimya mwenyewe, kwa cheo chake cha mkufunzi. Asali alibaki ukutani, kama mshika ufunguo.

"Tusipoteze muda," alisema Profesa. "Picha hizi ni mbili au ni moja?"

"Ni mbili, Profesa. Ila si zangu. Tazama namba, ya tano na ya sita. Zangu nne zimefutwa."

"Mashine hii ni kuukuu. Namba huruka."

"Haijawahi kuruka," alisema Daktari Miwani.

"Daktari, mimi ndiye niliyeinunua."

"Na mimi ndiye ninayeitumia."

Profesa alitabasamu kwa meno tu. "Binti, una shahidi?"

"Ninaye. Fundi saa mwenyewe. Nilimpigia simu asubuhi, yuko benchini nje. Jiwe lake bado analo. Mlazeni, mgeuzeni, mtaliona likitembea. Mtajua picha hizi si za tumbo lake."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mfupi mwenye kofia mkononi.

"Hamjambo nyote. Binti yangu, ule mkono wako wa baridi uko tayari? Leo nimevaa fulana mbili."

"Shikamoo baba. Lala hapa, chali."

Alimpaka jeli, akaweka kifaa chini ya mbavu za kulia, akapunguza taa. Wote wakainamia skrini. Hapo Msumari aliona kitu kilichomkausha damu.

Hakuona kifuko. Mahali pake palikuwa na mkunjo mdogo, kama soksi iliyokamuliwa.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "umekula?"

"Nimekula! Uliponiambia kuna kamati nikasema siendi mbele za watu wakubwa tumbo likinguruma. Chai na mayai mawili."

"Ya kukaanga?"

"Kwani kuna mengine?"

Asali alijiziba mdomo. Daktari Miwani aliguna. Kila aliyekaa darasani mwezi mmoja anajua: kifuko cha nyongo huonekana mtu akiwa na njaa. Akila, tena mafuta, kinakamua nyongo yote na kusinyaa. Mpaka jioni hutaona jiwe wala pa kuliweka.

"Na hukumwambia aje na njaa?" aliuliza Profesa.

"Nilimwambia, Profesa."

"Aliniambia," mzee alikiri, akishika kofia kwa mikono miwili. "Nilidhani ni ile ya kupima. Hii nilidhani ni ya kusema."

"Basi shahidi wako ameliwa na mayai." Profesa alikunja karatasi. "Mzee, ahsante. Unaweza kwenda."

Mzee alisimama mlangoni, akageuka. "Mimi alinigeuza, mheshimiwa. Ubavu huu. Nikamwambia nitaanguka, akasema nikianguka ataanguka na mimi."

"Neno lako si picha, mzee wangu."

Mlango ukafungwa. Msumari alibaki na kifaa mkononi, jeli ikimchuruzika hadi kiwiko. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumtetea, nacho ni zile picha mbili za uongo.

Akazitazama tena. Mara hii hakuzitazama kama mshitakiwa. Alizitazama kama alivyofundishwa.

"Daktari," alisema, "jiwe hutupa kivuli. Sivyo?"

Daktari Miwani alipapasa kipaji, akapata miwani, akaishusha. Sauti ya mashine haipenyi jiwe. Nyuma ya jiwe lazima pawe na mfereji mweusi. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa skrini.

"Hakuna kivuli," alisema. "Profesa, hili si jiwe. Huu ni uvimbe. Ndiyo maana hautembei. Mtu huyu aligeuzwa kweli, picha ni mbili halali. Na mtu huyu si fundi saa."

"Kuna la pili," Msumari alisema, na sasa sauti ilikuwa imemrudia. "Upande wa kushoto wa skrini ni kichwani kwa mgonjwa, wa kulia ni miguuni. Tazameni shingo ya kifuko. Inaelekea miguuni. Hakuna mtu wa hivyo. Aliyeshika kifaa alikishika kinyume."

"Kosa la mwaka wa kwanza," alisema Profesa.

"Ndiyo. Na mwaka wa kwanza tunalifanya lini? Tunapojifunza kwa kujipima wenyewe. Ukijiwekea kifaa tumboni mwako, mkono unageuka bila kujua. Aliyepiga picha hizi alijipiga mwenyewe."

Mashine ilionekana kuvuma kwa adabu.

Kisha Profesa akacheka kidogo.

"Vizuri sana. Kwa hiyo ni wewe! Ulifanya mazoezi kwenye tumbo lako, ukaziingiza picha kwa jina la fundi saa. Umejifunga mwenyewe, binti. Daktari, andika."

Damu ilimpanda Msumari kichwani. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alivua koti, akapanda kitandani, akalala chali.

"Sijatia kitu mdomoni tangu jana, kwa hofu ya kikao hiki," alisema akiangalia dari. "Daktari, nipime."

"Si lazima..." Profesa alianza.

"Ni lazima kabisa," alisema Daktari Miwani, akachukua jeli.

Sekunde kumi. Ishirini. Kwa Msumari zilikuwa kama muhula mzima. Ni nani anayejua kilichomo tumboni mwake mwenyewe?

"Cheusi, laini, kimejaa," alisema daktari. "Geuka ubavu. Safi. Kifuko hiki kingefaa kuwekwa kitabuni. Si yeye, Profesa."

Msumari aliketi, akajifuta. Daktari alikuwa amegeukia ukutani.

"Na wewe mshika ufunguo? Panda."

"Mimi?" Asali aliruka. "Mimi nimekula mkate!"

"Leo kila mtu amekula!"

"Naapa, daktari! Mkate na siagi! Na siku ile niliufungua mlango tu nikaenda maktaba, mwulizeni mtunza vitabu, alinigombeza kwa kuongea!" Machozi yalikuwa tayari. "Shoga, nilikwambia ukiri kwa sababu niliogopa, basi! Nilijua mlango ukifunguliwa na mimi, lawama itanirudia mimi!"

Msumari alimtazama. Alikuwa amemshuku siku nne mfululizo, ameihesabu kila kauli yake tamu. Machozi haya yalikuwa ya mwoga, hayakuwa ya mwongo.

Basi nani?

Mtu mwenye ufunguo wake mwenyewe. Mwenye neno la siri. Anayeweza kujipima bila msaada wa mtu, na ambaye kwa haraka na hofu anaweza kukosea hata kama amefundisha miaka ishirini.

Macho yake yalikwenda polepole hadi kiti cha tatu.

Mama Kimya hakuwa akitazama skrini. Alikuwa ameinama kidogo, mkono wa kulia umebana chini ya mbavu zake, mahali palepale ambapo kila siku aliwafundisha waweke kifaa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alipoinua macho yakakutana na ya mwanafunzi wake, hayakuomba kitu wala hayakukana.

Yote yakamjia Msumari kwa mkupuo. Kumbe kile kidole kwenye kitufe hakikutaka kumwangamiza yeye! Mama huyu anaumwa, amejua kwa kujipima peke yake, na anaficha.

"Umemjua," alisema Profesa, ambaye hakuacha kumchunguza. "Naona usoni. Sema. Picha hizi ni za nani?"

Jina lilikuwa ulimini. Neno moja tu, na suti ya baba yake ingevaliwa.

"Nimemjua, Profesa."

"Sema basi!"

"Siwezi."

"Nini?"

"Mwenye picha hizi ni mgonjwa. Kilichoonekana kwenye skrini ni siri yake na daktari wake. Sina ruhusa ya kumtaja mbele za watu. Mlitufundisha wenyewe."

"Msumari, mjinga wewe!" Asali alipiga kelele. "Mtaje!"

Profesa alinyoosha kiganja mezani. "Kwa hiyo unachagua kufukuzwa. Sawa. Weka kitambulisho hapa."

Msumari alikifungua kitambulisho kifuani. Pini ikamchoma. Picha ya msichana wa mwaka wa kwanza, mashavu yamejaa matumaini, ikalala mezani. Profesa akaifunika kwa kiganja.

Kiti kikasuguliwa sakafuni.

"Picha ni zangu."

Sauti ilikuwa ya chini kama siku zote, lakini ilijaza chumba. Mama Kimya alikuwa amesimama, mkono bado ubavuni.

"Ni zangu. Nilijipima mwenyewe. Maumivu ninayo tangu mwanzo wa muhula. Nilijua mkisikia mtaniambia nipumzike, na darasa hili lingebaki bila mtu wiki za mwisho. Nikasema ngoja wahitimu. Sikujua faili lilikuwa wazi. Niliposikia hatua nje nilitaka kufuta zangu, nikafuta zisizo zangu. Kosa la mwaka wa kwanza, Profesa, kama ulivyosema." Alimgeukia Msumari. "Nimekaa hapa nikakutazama ukilazwa kitandani kama mhalifu, nikanyamaza. Nisamehe, mwanangu. Jina langu niliwapa mwenyewe kwa kunyamaza, lakini leo limenitia aibu."

Msumari alikwenda akamshika kiwiko, maana mama alikuwa anayumba.

"Keti, mama. Keti kwanza."

Daktari Miwani alikwishavua miwani, anaifuta kwa ncha ya koti bila sababu. "Kesho asubuhi unalala hapa nikupime mimi," alisema. "Bila mayai. Na binti huyu hana kesi. Profesa, mrudishie kitambulisho."

"Bila shaka," alisema Profesa. Kiganja hakikuinuka. "Mkufunzi amekiri kufuta. Jambo limekwisha, sote tunaweza..."

"Halijakwisha," alisema Mama Kimya.

Alikuwa ameketi, anapumua kwa shida, lakini macho yalikuwa makavu.

"Msumari alipiga picha nne. Mimi nilipofuta, mbali na zangu mlikuwa na mbili tu, zote za chali. Nikafuta hizo mbili. Zile za ubavu, zile za jiwe linalotembea, zilikuwa zimeondolewa kabla yangu. Na nilipoketi, Daktari..." Alimeza mate. "Kiti kilikuwa bado na joto la mtu."

Msumari alihisi nywele zikimsimama shingoni. Kwa hiyo lile kosa la Mama Kimya lilikuwa ni ajali tu. Kabla ya ajali, kuna mtu aliyeketi pale kwa makusudi, akazing'oa picha mbili zile hasa, kisha akaandika barua.

"Neno la siri la kufuta," Daktari Miwani aliuliza, kila neno peke yake, "linajulikana na nani zaidi yako?"

"Nililitoa mara moja tu. Mwaka juzi, nilipokwenda likizo."

"Ulimpa nani?"

Mama Kimya aliinua macho, akayapitisha juu ya Msumari, juu ya Asali aliyeacha kulia, hadi upande wa pili wa meza. Yakatua hapo.

Wote wakageuka.

Profesa alisimama. Aliokota kitambulisho cha Msumari, akakitia mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

"Kikao kimefungwa," alisema, na kupiga hatua kuelekea mlangoni.

Lakini Daktari Miwani alikuwa amekwishafika. Alizungusha ufunguo kitasani mara moja, mara mbili, akauchomoa.

"Kaa, Profesa."